Barua ya wazi kwa wasimamizi wa umeme: gari lilishe nyumba kwanza, gridi ifuate

Kwa Waziri wa Nishati na Petroli,
Mkurugenzi Mkuu wa EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli,
Mkurugenzi Mkuu wa Kenya Power,
na Mkurugenzi Mkuu wa KEBS, shirika la viwango.

Waheshimiwa,

Barua hii inahusu waya wa mita tano. Una plagi ya meno matatu huku na plagi ya meno matatu kule, soketi hauna. Ncha moja inachomekwa kwenye soketi ya gari la umeme linaloweza kutoa volti 240, ncha ya pili kwenye soketi yoyote ya ukutani, tuseme ile ya nyuma ya televisheni. Taa zinawaka, friji inaanza kunguruma, jirani anachungulia na kuuliza mmefanyaje. Waya wenyewe hauuzwi dukani. Plagi mbili, bisibisi na dakika kumi zinatosha kuutengeneza, na walioishi na jenereta wanaujua tangu zamani. Magari yenye betri yanavyoongezeka katika maegesho ya Lang'ata, Kileleshwa na Kahawa, waya huo unapata kazi mpya.

Tunaomba kanuni ya gari kulisha nyumba, na tunaomba itangulie kanuni ya gari kulisha gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa. Gridi ndiyo inayopendeza kwenye makongamano, lakini hatari na faida vyote viwili vinaanzia sebuleni, na huko hakuna ukurasa hata mmoja wa mwongozo unaomwambia fundi afanye nini.

Tuanze na ubaya wa ule waya. Ukichomeka upande wa gari kwanza, meno ya upande wa pili yana moto wa volti 240 yakiwa wazi mkononi mwako. Hilo ni la mwenye nyumba. La pili ni la mtu mwingine. Umeme ulioingia kupitia soketi ya sebuleni haujui kuwa nyumba yako imeishia hapo. Swichi kuu isipozimwa, unapita kwenye mita, unatoka kwa waya wa kuingilia, unafika kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma inayoshusha volti 11,000 hadi 415 ukiilisha kutoka chini itapandisha. Ni kweli kwamba mara nyingi gari litajizima, kwa kuwa kilowati tatu haziwezi kubeba mizigo ya majirani wote. Siku mbaya ni ile waya umekatika karibu, upande wako zikabaki nyumba mbili tatu. Hapo gari linaubeba mzigo bila shida, laini inabaki na moto, na fundi wa Kenya Power yuko juu ya mlingoti akiamini laini imekufa.

Stima nayo ikirudi huku gari bado linatoa, mawimbi mawili yasiyolingana yanagongana, na kinachoungua ni inveta ya gari, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani. Hiyo si breka ya kununua Luthuli Avenue mchana na kuifunga jioni.

Kumwambia mwenye nyumba "kumbuka kuzima swichi kuu" hakutoshi. Giza likiingia saa mbili usiku watoto wakilia, mtu hakumbuki. Kinachotosha ni swichi ya chenjiova ya mkono yenye nafasi tatu: moja ni Kenya Power, sifuri ni hakuna, mbili ni gari. Iwe ya kukata kwanza ndipo iunge, na ikate waya wa moto pamoja na nyutro, waya wa kurudishia umeme. Kwa nyumba ya fezi moja, ya ampea 63 inatosha. Baada yake liwekwe boksi dogo la mizigo ya lazima tu: taa, friji, soketi za sebuleni, intaneti, geti. Nje ya ukuta iwekwe plagi ya kupokelea umeme ambayo meno yake yamezama ndani ya kifuniko, ili waya wa kutoka kwenye gari uwe na soketi ya kawaida mwishoni na meno yenye moto yasiwe wazi hata mara moja. Breka ya ampea 16 inalinda waya huo. Kwa kilowati 3.6, waya wa milimita mraba 2.5 unafika mita 20 ukipoteza chini ya volti 6. Maegesho yakiwa mbali zaidi, wekeni wa 4. Vifaa hivi vyote vinapatikana mjini leo. Haviagizwi kutoka ng'ambo na havihitaji kompyuta.

Kwa nini mizigo ya lazima peke yake? Hesabu ya nyumba ya kawaida ya Nairobi ni hii. Friji inakula yuniti moja hivi kwa siku. Balbu nane za wati 9 zikiwaka saa tano ni chini ya nusu yuniti. Televisheni, ruta ya intaneti, simu na kompyuta ndogo haziongezi hata yuniti moja na nusu. Jumla ni karibu yuniti tatu. Sasa chukueni Nissan Leaf ya kilowati-saa 40 ambayo betri yake imechakaa ikabaki asilimia 80, yaani yuniti 32. Mwenyewe akisema asilimia 40 isiguswe, imebaki ya kumpeleka kilomita 80 hivi kesho yake. Zinazosalia ni yuniti 19, na baada ya upotevu wa kubadilisha umeme zinafika nyumbani karibu 17. Hizo ni siku tano za giza bila jenereta kuwaka, kabla ya kuhesabu umeme ambao gari lenyewe linakula likiwa macho. Mtakumbuka Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima na giza likaingia hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Halafu mtu anaingia bafuni. Hita ya kuogea ya papo kwa papo inavuta kilowati 3.5 hadi 5.5, na soketi za magari mengi zinaishia kati ya 2.2 na 3.6. Gari linajizima, nyumba inarudi gizani, na simu inayopigwa ni ya fundi: "gari lako limeharibika." Halijaharibika. Hita, jiko la umeme na pasi havitakiwi kuwa kwenye boksi la mizigo ya lazima, na kanuni iseme hivyo waziwazi.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: gari likiwa macho ili kutoa umeme, kompyuta na pampu zake zenyewe zinakula wati 150 hadi 300. Usiku wa manane nyumba ikivuta wati 100 tu, gari linatumia nyingi kuliko linazotoa. Kwa hiyo kulala na gari likiwa limewashwa kwa ajili ya ruta na balbu moja ya veranda ni hasara. Betri ndogo ya inveta ndani ya nyumba, ikichajiwa na gari kwa saa mbili jioni, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Sasa nyutro. Tunaomba wahandisi wenu wasome sehemu hii polepole, maana ndipo nyumba inapoweza kuonekana salama na isiwe salama.

Kwenye umeme wa Kenya Power, nyutro imefungwa na ardhi pale kwenye transfoma. Mtu akigusa waya wa moto, mkondo unapita mwilini, unaingia ardhini na kurudi kwenye transfoma. RCD, ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inaona kilichotoka hakikurudi kupitia nyutro, inakata ikifika miliampea 30. Soketi ya gari haiko hivyo. Katika magari mengi nyaya zote mbili zinaelea, hakuna hata mmoja uliofungwa na ardhi. Gari likilisha birika moja kando ya hema, mpangilio huo ni salama kwa namna yake, kwa sababu hitilafu ya kwanza haina njia ya kurudia. Likilisha nyumba yenye soketi 20 na friji kuukuu, hitilafu ya kwanza inaweza kukaa miezi bila kuonekana. Ya pili ndiyo inayoua, RCD ikiwa imetulia kama haipo.

Fundi anaweza kujua gari ni la aina gani kwa mita ya mkononi. Apime kati ya nyaya mbili: 230 hadi 240. Kisha apime kila waya na ardhi ya gari. Akiona 240 upande mmoja na sifuri upande wa pili, nyutro imeshafungwa ndani ya gari. Akiona 110 au 120 pande zote mbili, ama nyaya zinaelea, ama umeme umegawanywa katikati. Kutofautisha hayo mawili, arudie kwa mita inayovuta mkondo kidogo: volti zikianguka, zinaelea, zikisimama pale pale, umegawanywa katikati, na gari hilo lisiungwe kwenye nyumba ya hapa bila transfoma ya kutenganisha, ile ambayo nyaya za kuingia na za kutoka hazigusani.

Kwa gari linaloelea, dawa ni kufunga nyutro na ardhi kwa makusudi, upande wa gari wa chenjiova, kukiwa na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, kisha RCD ya miliampea 30 ya aina A baada ya kifungo hicho. Msisitizo ni "upande wa gari". Kikifungwa upande wa nyumba, kinabaki hata nyumba ikiwa kwa Kenya Power, mkondo wa nyutro unagawanyika kupitia ardhini, na RCD inaanguka kila siku bila sababu inayoonekana. Mwenye nyumba anachoka, anaita mtu wa kuitoa RCD, na sasa hana kinga wakati wa gari wala wakati wa Kenya Power. Yapo pia magari yanayokagua kifungo hicho, yakikiona yanakataa kutoa umeme. Kwa hayo inahitajika transfoma ya kutenganisha ya kVA 3 hadi 5 (kVA moja ni karibu sawa na kilowati moja). Ni nzito, ina joto, inakula umeme hata bila mzigo, na bado ni afadhali kuliko kubahatisha.

Ndiyo maana tunaomba KEBS imtake kila anayeingiza magari yenye soketi ya kutoa umeme aandike karatasi moja ya kila modeli: volti, hezi (umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde), kilowati za juu, nyutro iko vipi, na betri ikifika asilimia ngapi gari linaacha kutoa. Mambo matano, ukurasa mmoja. Leo fundi anayatafuta kwenye video za watu wa nchi nyingine wenye gari la jina hilo hilo na umeme usiofanana na wetu.

Na hapo tumefika Japani, kwani magari mengi ya mitumba yanatoka huko. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, mashariki hezi 50 na magharibi hezi 60. Mitsubishi Outlander PHEV (gari la petroli lenye pia betri ya kuchaji) ya soko la huko yenye soketi ya ndani inatoa volti 100, wati 1,500. Friji ya volti 240 haiwezi kuwaka hapo. Mwenye gari ananunua transfoma ya kupandisha bila kuuliza kama ni ya kutenganisha au la, wala kupima hezi. Gari likiwa limewekwa kwenye 60, kompresa ya friji iliyotengenezwa kwa 50 inazunguka haraka kuliko ilivyokusudiwa, na ikipokea 240 zile zile inakosa nguvu ya kuanza kwa mzigo. Baadhi ya magari hubadilishwa yaende 50 kwenye mipangilio yake, ikiwa menyu ya Kijapani inasomeka.

Vifaa vya ukutani vya Japani vinahitaji tahadhari zaidi. Baada ya tetemeko la Machi 2011, Nissan na Nichicon walitoa mwaka 2012 kifaa cha kilowati 6 kinachovuta umeme kutoka kwenye Leaf kupitia plagi ya CHAdeMO, plagi ya Kijapani ya kuchaji haraka, na kulisha nyumba. Ni kazi nzuri, na baada ya kimbunga cha Septemba 2019 kule Chiba magari ya umeme yalisaidia watu waliokaa siku nyingi bila stima. Lakini kifaa kile kinatoa volti 100 na 200 kwa nyaya tatu, katikati pakiwa ardhi. Kikifika hapa kama mtumba, bei itakuwa ya kuokota na kitaunguza nyumba. KEBS ikizuie bandarini, au ikiruhusu kiandikwe kinachohitajika ili kifanye kazi kwenye 240 ya fezi moja. Leaf yenyewe na Outlander hazina kosa: CHAdeMO inaruhusu umeme kutoka kwa gari, na vifaa vya kisasa vya volti 230 hadi 240 vipo Ulaya na Australia. Magari ya CCS, aina nyingine ya plagi ya kuchaji haraka, yanategemea mtengenezaji kama amefungua njia hiyo kwa kiwango cha ISO 15118-20 cha mwaka 2022. Plagi kufanana hakumaanishi gari litatoa.

Tuje kwenye mita na bei.

EPRA iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Nyumba inayotumia zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi hulipa karibu shilingi 20 kabla ya tozo hizo. Tofauti hiyo iko wazi kwa yeyote mwenye kikokotoo. Mtu akichaji usiku kwa 8 na jioni akalisha nyumba kutoka kwenye gari, upotevu wa asilimia 20 wa kwenda na kurudi ukiingizwa, yuniti inayofika kwenye balbu imemgharimu 10. Kwa yuniti tano kila jioni anaokoa shilingi 1,500 kwa mwezi. Je, huyo amevunja sheria kwa kutumia umeme wa gari kupikia ugali, au ameisaidia gridi kwa kutovuta saa mbili usiku, wakati kila mtu anavuta? Kwa maoni yetu ameisaidia, na bei ya usiku iliwekwa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini maoni yetu si kanuni. Semeni moja: inaruhusiwa, au hairuhusiwi. Mkinyamaza, siku ya ukaguzi kila afisa atakuwa na jibu lake.

Msitegemee, hata hivyo, kwamba shilingi 1,500 zitanunua kifaa cha ukutani cha pande mbili. Hicho ni cha malaki, na kwa akiba hiyo kitachukua miaka mingi kujilipa. Chenjiova na waya vinajilipa mapema, hasa kwa anayechoma mafuta ya jenereta.

Mita nayo ina tabia zake. Mita nyingi za tokeni zinahesabu umeme unaopita bila kujali unaelekea wapi, nyingine zikiona umeme unarudi zinadhani ni wizi na kujifunga. Anayesukuma umeme nje kwa mita hiyo anaweza kujikuta anakatwa tokeni kwa kuwapa majirani stima. Sheria ya Nishati ya 2019 ilimfungulia mlango wa kurudisha umeme kwenye gridi mteja mwenye mtambo wa kuzalisha usiozidi megawati moja, na kanuni za 2024 zikafuata. Betri ya gari haizalishi chochote, inahifadhi. Mwenye paneli za sola juu ya paa na gari chini yake atauza umeme wa jua au ule wa mvuke wa ardhini wa Olkaria alioununua usiku? Mita moja pekee mlangoni haiwezi kujibu. Inayoweza ni mita ya pili kwenye waya wa gari, na mtu alipwe kwa kilichotoka kwenye paneli tu hadi mtakapoamua bei ya kuhifadhi. Bei hiyo iwe yake peke yake, isichanganywe na ya sola.

Kuhusu gridi hatutawadanganya kwa hesabu kubwa. Mahitaji ya juu ya jioni yalipita megawati 2,300 mwaka 2025. Magari elfu moja yakitoa kilowati tano kila moja ni megawati tano. Hayazimi hata mtambo mmoja wa dizeli. Umuhimu wake uko kwenye transfoma ya mtaa: kwenye transfoma ya kVA 315 inayochemka kila jioni, magari kumi yakilisha nyumba zao kwa kilowati tano kila moja yanapunguza karibu sehemu moja ya sita, bila yuniti moja kutoka nje ya mita. Na usiku wa manane, wakati mvuke wa Olkaria unaachiliwa hewani kwa kukosa wanunuzi, magari hayo hayo yanachaji.

Kazi ya gridi inayoyafaa magari ni ya sekunde. Laini kubwa au mtambo mkubwa ukianguka ghafla, hezi zinashuka chini ya 50, na inayohitajika ni nguvu ya papo hapo kabla mitambo mingine haijaanza kukatika mmoja mmoja. Tarehe 13 Februari 2024 dhoruba iliangusha minara ya umeme Victoria, Australia. Kule Canberra magari 16 yaliyokuwa yamechomekwa katika jaribio la Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia yalirudisha jumla ya kilowati 107 kwenye gridi. Ni kidogo, lakini yalifanya hivyo bila dereva kuguswa bega. Mkianzisha jaribio hapa, lianze na magari ya kampuni yanayolala sehemu moja yenye transfoma yake, kwa vifaa vilivyopimwa kwa IEC 62116 kwamba gridi ikifa vinajikata na haviachi kipande cha laini kikiwa na moto. Na programu yake isiyarudishe magari yote kuchaji kwa dakika moja baada ya dharura. Kila moja lisubiri dakika tofauti, kati ya 5 na 15, la sivyo mnaiangusha gridi mara ya pili.

Wenye magari watauliza kuhusu betri kuchakaa. Kilowati tatu kwenye betri ya 40 ni mzigo mwepesi. Kupanda kutoka Westlands hadi Limuru kunadai mara nyingi zaidi ya hapo. Yuniti tano kila jioni ni sawa na kuongeza kilomita 30 za mwendo wa taratibu mno. Inayoumiza zaidi ni betri kukaa imejaa asilimia 100 siku nyingi kwenye joto, na baridi ya Nairobi inasaidia. Waachieni wenyewe waweke kiwango cha chini, na kifaa kisiruhusiwe kukivuka hata kwa amri kutoka gridi.

Tumesema nyumba, ilhali wengi Nairobi wanakaa fleti za kukodi, gari liko chini na mita iko kwenye chumba kingine kabisa. Kuvuta waya hadi ghorofa ya nne ni wazimu. Kinachowezekana ni gari kulisha vitu vya pamoja: taa za ngazi, geti, na zaidi ya vyote pampu ya maji. Pampu ya kilowati 1.5 ya fezi moja inavuta mara tatu hadi tano ya mkondo wake inapoanza, na hapo gari linajizima. Kifaa cha kuianzisha taratibu kinaondoa tatizo. Anayelipwa ni nani, mwenye gari au mwenye nyumba, ni suala la mkataba, na keateka asiachiwe kulitatua.

Betri zilizotolewa kwenye magari nazo zinatafuta nyumba. Betri ya Leaf ya kilowati-saa 24 ina moduli 48. Mafundi huunga saba mfululizo kupata seli 14, takriban volti 52, inayofaa inveta ya 48. Kosa ni kuiacha inveta kwenye mpangilio wa betri za asidi: hatua yake ya kusawazisha inaweza kufika volti 59 au 60, yaani zaidi ya 4.2 kwa kila seli, na seli hizo hazitakiwi kufika hapo. Wekeni kikomo cha 57.4, bodi ya kulinda seli 14, na moduli zibanwe kwa bamba pande zote zisivimbe. Sharti la chini liwe hilo, na NEMA, mamlaka ya mazingira, iseme moduli mbovu zinapelekwa wapi.

La mwisho ni leseni. Mafundi wa umeme wana madaraja yao, mafundi wa sola wana leseni za T1 hadi T3, T3 ikiwa ya juu. Kuunga gari na nyumba hakumo kwa yeyote kati yao, kwa hiyo kunafanywa na yeyote. Pendekezo letu ni fundi wa T3 mwenye pia leseni ya nyaya za majumbani, mafunzo ya siku mbili juu ya nyutro na chenjiova, na cheti cha ukurasa mmoja kinachoonyesha RCD ilikata kwa milisekunde ngapi Kenya Power ikiwa imewaka, na milisekunde ngapi gari likiwa limewaka. Safu hiyo ya pili ikikosa tarakimu, kazi haijaisha.

Na kila nyumba iliyoungwa ibandikwe kibandiko cha manjano kwenye mita na kingine kwenye mlingoti unaoilisha, kwa herufi za kusomeka kutoka chini ya ngazi: NYUMBA HII INA UMEME WA GARI. PIMA KABLA YA KUGUSA.

Wenu,
Mafundi na wahandisi wa magari ya umeme,
Nairobi